Kuvua Kuhe Pembeni mwa Ziwa Tanganyika

Sisi tuliozaliwa Majengo, mjini Mpanda, twamjua samaki akiwa amekwisha kufa. Twamwona sokoni, mkavu au aliyetiwa barafu, ameletwa kwa gari kutoka Karema au Ikola, na swali letu ni moja tu: bei gani? Ziwa lenyewe li mbali nasi, zaidi ya kilometa mia moja kwa barabara. Kwa hiyo mtu asishangae kwamba mimi, nisiyejua hata kushika kafi mpaka mwaka 2024, nathubutu kuandika somo juu ya uvuvi. Naandika kwa sababu nilifundishwa na mjomba wangu, mvuvi wa Karema, na kwa sababu nilikosea mbele ya macho yake. Kosa hilo lilinifunza kuliko maneno yote aliyoniambia.

Kwanza tulitazame ziwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na mahali penye kina kirefu kabisa hufika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Mtu akisikia hivi aweza kudhani kwamba samaki wamejaa toka juu hata chini. Sivyo. Hewa ya oksijeni hupatikana katika maji ya juu tu. Upande wa kaskazini hukoma kwenye mita 100 hivi, na upande wa kusini kwenye mita 200 na zaidi kidogo. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Tena sehemu nyingi za ukingo wa ziwa ni milima iliyotumbukia majini, hata ukienda hatua chache kutoka nchi kavu maji yamekwisha kukupita kimo. Basi maji ya kina kifupi, yenye mchanga na majani, ambamo jua hufika chini, ni ukanda mwembamba tu, kama pindo la kanga. Katika pindo hilo samaki wengi hutaga mayai na kulea watoto wao.

Mmoja wa samaki hao ni kuhe. Wataalamu humwita Boulengerochromis microlepis, na ndugu zetu wa Zambia humwita nkupi. Yeye ni wa ukoo mmoja na perege na sato, na katika ukoo huo wote, duniani kote, ni mmoja wa wale wakubwa kabisa. Aweza kufika sentimeta 80 na uzito wa kilo nne na zaidi. Haishi katika maji mengine yoyote ila Ziwa Tanganyika. Chakula chake akiwa mkubwa ni samaki wengine, na kwa sababu hiyo huumwa na ndoana yenye chambo cha dagaa.

Sasa nieleze jinsi tulivyovua. Ilikuwa likizo fupi ya Aprili, 2024, nami nilikuwa Kidato cha Tatu. Mjomba alinipa ahadi kwamba samaki nitakayemvua kwa mkono wangu mwenyewe ni wangu, nimwuze nipate nauli ya kurudi shuleni. Ahadi hiyo ilinitia bidii nyingi, na pengine bidii kuliko akili.

Mtu anayeongoza katika maji ya kina kifupi ana kazi yake maalumu. Katika kilindi wavuvi huwasha taa usiku, na dagaa na migebuka huja wenyewe kwenye mwanga. Penye maji mafupi ni mtu amfuataye samaki, naye samaki akiona kivuli au akisikia kishindo hukimbia. Mjomba alisimama nyuma ya mtumbwi na upondo mrefu, akausukuma polepole bila kuugonga ubavuni. Mimi nilikaa mbele. Aliniagiza mambo manne. La kwanza, kabla ya yote tazama mamba na kiboko, na usishuke majini penye majani, kwa maana huko wako konokono wenye kichocho. La pili, jua liwe mgongoni mwako, upate kuona chini bila kung'arishwa macho. La tatu, usitupe mshipi juu ya samaki, bali mbele yake, chambo kishuke kama kitu kilichopotea. La nne, na hili alilirudia mara mbili, "Ukiona samaki wawili wamesimama mahali pamoja, niulize kwanza."

Siku mbili za mwanzo sikupata kuhe hata mmoja. Nilikuwa nikivuta mapema, au nikitupa chubwi kwa kishindo. Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, maji yalikuwa yametulia kama kioo. Mjomba alikuwa ameinama akitoa majani yaliyonasa upondoni. Mimi nikaona chini, penye mchanga mweupe, samaki wawili wakubwa wa rangi ya manjano wenye mabaka meusi ubavuni. Baina yao palikuwa na kitu kama moshi mwembamba. Sikuuliza. Niliogopa kwamba nikinena watakimbia, tena nalikuwa nikihesabu nauli. Nikashusha ndoana. Mmoja akaja mbio, akaipiga mara moja.

Ndugu wasomaji, sitaficha kwamba nilifurahi. Nilivuta kwa mikono yote miwili mpaka mshipi ukanikata vidole, na samaki alipofika mtumbwini alikuwa mrefu kuliko mkono wangu toka kiwiko hata ncha za vidole. Niligeuka kumwonyesha mjomba, nikitazamia sifa. Mjomba hakusema neno. Alikita upondo mchangani, akaufunga mtumbwi, akaniambia, "Tazama chini, mpwa wangu."

Nikatazama. Ule moshi haukuwa moshi. Walikuwa vifaranga, mamia na mamia, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele. Yule kuhe aliyebaki alikuwa akizunguka. Akifukuza adui upande wa kulia, samaki wadogo wa mawe huingia upande wa kushoto na kula. Akirudi kushoto, huingia kulia. Alikuwa amebaki mlinzi mmoja kwa nyumba yenye milango miwili. Tulikaa pale kitambo, na kwa macho yangu niliona lile wingu likipungua.

Nikasema, "Mjomba, tumrudishe huyu." Lakini ndoana ilikuwa imeingia ndani ya mashavu, na damu ilikuwa ikitoka. Mjomba akasema, "Huyu hatapona. Tena hakula kwa njaa. Aliona kitu kigeni kinakaribia wanawe, akakiuma kukifukuza. Ndiyo maana nilikuambia uniulize."

Maneno hayo nilikuja kuyaelewa vema baadaye. Wataalamu waliomchunguza kuhe wameona kwamba baba na mama hulinda mayai na watoto kwa pamoja, tena kwa muda huo huwa hawali. Hudhoofika siku kwa siku, na inaaminika kwamba hufa baada ya malezi hayo, bila kuzaa tena. Yaani huzaa mara moja tu katika maisha yake. Mayai ni maelfu, lakini nafasi ni moja. Ukimwua kuhe kabla ya kulea, umefuta kizazi chake chote.

Jioni mjomba hakunizuia kumwuza yule samaki. Ahadi ni ahadi. Nilipata nauli, hata ikabaki kidogo ya kununua sabuni na kalamu. Aliniambia neno moja tu: "Nauli hiyo wamekulipia watoto wake." Asubuhi ya kesho yake tulipita mahali pale. Mchanga ulikuwa mweupe mtupu.

Mwaka ule ule serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Likizo ya Juni nilikwenda tena Karema, nikamkuta mjomba akivuna mpunga wa watu kwa ujira. Mkaza mjomba alikuwa akipima unga kwa kikombe. Mjomba alisema, "Ziwa laweza kufungwa, tumbo halifungiki." Nilidhani kwamba analilaumu agizo, nikamwuliza. Akanijibu kwamba anasikia uchungu, lakini haoni njia nyingine, maana ziwa limechoka. Lililomsumbua lilikuwa jingine. "Miezi mitatu tutangoja sote," alisema. "Je, siku ya kufunguliwa mtu akija na kokoro akakokota mchanga wote huu, mayai na watoto, tulingoja nini?" Kokoro limekatazwa na sheria ya nchi yetu, na kila ajuaye jinsi samaki anavyolea ataona kwa nini.

Nchi nyingine nazo zimejaribu njia zao. Katika ghuba za bahari huko Texas, Marekani, wako waongozaji ambao kazi yao ni kama ya mjomba. Huwapeleka watu kwa upondo katika maji ya magotini kuvua samaki mkubwa wa rangi ya shaba. Samaki huyo alivuliwa sana kwa biashara, hata mwaka 1981 Texas ikapiga marufuku kuuza wale waliovuliwa katika maji yake. Leo mvuvi wa huko hupima kwa rula. Aliye chini ya inchi 20 hurudishwa apate kukua, na aliyezidi inchi 28 hurudishwa apate kuzaa, isipokuwa kwa kibali maalumu. Njia hiyo yafaa kwa samaki yule, kwa kuwa huishi miaka mingi na kuzaa mara nyingi. Kwa kuhe rula haitoshi. Yule niliyemvua mimi alikuwa mkubwa wa kutosha kwa kipimo chochote. Kosa langu lilikuwa mahali aliposimama na kazi aliyokuwa akiifanya, na hayo huonekana kwa jicho tu. Basi katika ziwa letu mwongozaji hatoshi kujua samaki walipo. Yampasa pia ajue yupi wa kuachwa.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu ambao hutembelea jamaa zao Karema, Ikola au kwingineko ziwani washike mambo haya. Nendeni na mtu mzima ajuaye maji. Mkiona kuhe wawili juu ya mchanga na wingu la vifaranga kati yao, piteni mbali na mtumbwi wenu. Vueni yule anayetembea peke yake akiwinda. Na wazazi wetu wa Majengo nawaomba tuulize sokoni swali la pili baada ya bei: samaki huyu amevuliwa kwa ndoana, kwa wavu halali, au kwa kokoro? Mchuuzi akiulizwa na watu wengi, naye atamwuliza mvuvi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, ingawa niliagizwa mara mbili, na mwalimu wangu alikuwa hatua nne tu nyuma yangu. Nilirudi bweni na nauli yangu imelipwa. Tangu siku ile, mwalimu anaposema, "Yeyote asiyeelewa aulize," mimi huinua mkono.