Leseni ya Kuuza Bangi ya Wagonjwa

Mama mmoja alitujia kliniki akiwa na huzuni nyingi. Mwanawe aliyeko Marekani amempigia simu kwamba anaomba kazi katika duka linalouza bangi ya wagonjwa, tena kwa leseni ya serikali. "Jamani, mtoto wangu ndiyo amekuwa muuza bangi?" alituuliza. Tumeonelea wengine wenye ndugu huko nao wapate maelezo tuliyompa.

Leseni hizo zipo kweli. Marekani kila jimbo lina sheria zake. Jimbo la Colorado lilikubali bangi ya tiba kwa kura ya mwaka 2000, na mwaka 2010 likaweka utaratibu wa leseni kwa wenye biashara na wafanyakazi wao. Mfanyakazi sharti awe ametimiza miaka 21, achukuliwe alama za vidole, na kumbukumbu zake za makosa zichunguzwe. Akipita hupewa kitambulisho cha kuvaa kazini.

Pennsylvania ilipitisha sheria yake mwaka 2016. Huko kila anayeishika dawa hiyo au kuhudumia wagonjwa husoma pia kozi ya saa mbili, ajifunze kutunza kumbukumbu na kutambua bangi inayotoroshwa kwenda mitaani. Saa mbili tu! Sisi wauguzi tulisoma miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa kabati la mofini, na hata leo hatutoi sindano moja bila kuiandika daftarini. Lakini tuseme haki: duka la huko lazima liwe na daktari au mfamasia wa kuulizwa muda wote linapokuwa wazi, na mgonjwa huja na kadi aliyoipata baada ya daktari kuthibitisha ugonjwa wake. Kuivuta kama sigara hakuruhusiwi hata kwa mwenye kadi. Hutumia vidonge, mafuta au matone.

Kwa hiyo mbele ya jimbo lake kijana huyo hatakuwa mhalifu. Hatari iko mahali pengine, na mama yule hakuijua. Leseni hutolewa na jimbo, lakini sheria ya taifa zima ni nyingine, nayo haijaiachia bangi huru. Mwezi wa Aprili 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mgeni anayeomba uraia aweza kukataliwa kwa sababu ya kufanya kazi katika biashara ya bangi, hata kama jimbo linairuhusu, na hata kama hajapata kushtakiwa mahakamani. Kitambulisho cha kazini hakimkingi.

Tulimshauri mama amwambie mwanawe, kama bado si raia, asijaze fomu ya kazi hiyo kabla ya kumwona mwanasheria wa mambo ya uhamiaji. Aliyekwisha kuifanya naye amwone mwanasheria kabla ya kuomba uraia, na wala asidanganye kwenye fomu, maana uongo huo ni kosa jingine.

Tena asitume nyumbani mafuta wala pipi za bangi kwa ajili ya miguu ya bibi. Hapa Tanzania kuwa na bangi ni kosa kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na atakayekamatwa ni huyo aliyepokea mzigo.

Mama alituomba tumwandikie hayo yote kwenye karatasi, amsomee mwanawe kwa simu.