SOMO: VIJIDUDU VINAVYOVUNJA SUMU UDONGONI

Leo tunajibu swali ambalo hutujia kila msimu wa mahindi: "Dawa ya magugu tukishapuliza, inaenda wapi?"

Tuchukue atrazini, dawa ambayo imetumika miaka mingi kwenye mahindi na miwa. Ndani yake mna klorini. Klorini ikiwapo, dawa inaua magugu. Iking'olewa, nguvu hiyo imekwisha. Lakini haing'oki upesi.

Hapo ndipo udongo huonyesha wafanyakazi wake. Mwaka 2009 mtafiti Mkenya Zachary Getenga na wenzake wa Ujerumani walieleza habari za bakteria waliyempata katika udongo wa shamba la miwa hapa Kenya. Bakteria huyo anavunja atrazini. Ana jeni, yaani maagizo ya kurithi, ya kutengeneza kifaa cha kung'oa ile klorini. Jeni nyingine mbili zinasaidia kukatakata mabaki. Yeye faida yake ni naitrojeni iliyomo ndani ya dawa. Anaihitaji kama mahindi yanavyohitaji mbolea. Tena bakteria huweza kupeana jeni, kama majirani wanavyopeana mbegu.

Sasa mtu atasema, "Basi hakuna shida, tumwage tu!" La, ndugu zetu. Sikilizeni sababu tatu.

1. Si kila shamba lina bakteria hao. Wanazidi pale dawa ilipotumika muda mrefu.

2. Kazi yao ni ya udongo wa juu, wenye unyevu na joto. Dawa ikishuka hadi maji ya chini, inakawia sana. Umoja wa Ulaya uliondoa idhini ya atrazini mwaka 2004 kwa sababu ya maji hayo.

3. Jeni za atrazini hazivunji kila sumu. DDT ina klorini tano, nayo hukaa udongoni miaka mingi. Kenya iliikataza mashambani mwaka 1986, lakini mabaki yake hayakuisha siku hiyo.

Kwa hiyo tufanye hivi:

- Tusioshe bomba la kupulizia mtoni wala karibu na kisima. Maji ya Sosiani huingia Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Ziwa Viktoria. Wako watu wanaoyachota njiani.
- Chupa ikiisha, tuisuuze mara tatu, na maji hayo tuyarudishe ndani ya bomba, tupulizie shambani.
- Chupa tuitoboe. Isitiwe maziwa wala maji ya watoto, hata ikioshwa namna gani.
- Tutumie kipimo kilichoandikwa, si kwa kukisia.

Bakteria wanasaidia, lakini hawawezi kufuata sumu tuliyoimwaga kisimani.

Maswali ya kikundi:
Kijijini kwetu mabomba huoshwa wapi? Chupa tupu huenda wapi? Nani atasimamia jambo hili kabla ya msimu ujao?