Tulinde mota ya kusaga isiungue

Ndugu wanachama wa Mpofi na vijiji vya jirani, mota ya mashini ikiungua, mama zetu wanarudi kwenye kinu na mchi, ao wanabeba mihogo mbali. Kinachoua mota ni joto: kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango chake hupunguza karibu nusu ya maisha ya ngozi ya waya za ndani. Basi tufanye hivi:

1. Kila jioni tukate umeme, halafu tufute unga kwenye mota na kwenye kifuniko cha feni. Unga unaifunika kama blanketi.

2. Tusiisukume mota ukutani. Feni inataka hewa.

3. Tusage mihogo iliyokauka vizuri, tukimimina kidogo kidogo.

4. Taa zikififia, tusimamishe. Umeme ukiwa dhaifu, mota yenye mzigo inavuta ampea nyingi zaidi. Mota ya fazi tatu ikikosa fazi moja, inanguruma na kuungua upesi.

5. Fundi apange relee ya joto kufuatana na ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Ikikata, tuache mota ipoe, tutafute sababu kwanza. Kuiruka relee kwa kipande cha waya ni kumfukuza mlinzi wetu.