Dondoo Muhimu: Freesat na Idhaa za Jimboni

Msomaji ukaaye Uingereza, usiye na haja ya kulipa ada kila mwezi, na ufahamu ya kwamba Freesat, huduma ya televisheni ya setilaiti iliyoanzishwa na BBC na ITV mwaka 2008, haitaki zaidi ya king'amuzi chake na ungo ulioelekezwa kusini-mashariki, kwenye setilaiti zilizo nyuzi 28.2 mashariki, na aghalabu ungo wa Sky, kampuni ya televisheni ya kulipia, ulioachwa ukutani na mpangaji aliyetangulia hufaa vilevile, ila ule wa Sky Q, ambao kichwa chake hakiafikiani na ving'amuzi vya zamani.

Linalowatatiza wengi ni idhaa za jimboni. King'amuzi, siku ya kufungwa, huuliza msimbo wa posta, na ni kwa msimbo huo, wala si kwa mahali ungo ulipo, ndipo hukupangia BBC One ya jimbo lako. Hivyo basi uhamapo Cardiff kwenda Glasgow, nawe ukasahau kuubadili, utaendelea kupashwa habari za Wales, ilhali ungo ni mzima na picha ni safi. Ubadili katika mipangilio, si kwa kumwita fundi.

Wala isikughuri kukosekana kwa ada ukaacha leseni ya televisheni: sheria humlazimu kuwa nayo kila atazamaye matangazo ya moja kwa moja, awe na Freesat au la.