Piko, Mzio na Kiasi Kinachogusa Ngozi

Hina ya majani huacha rangi ya chungwa au kahawia nyekundu, na ni nadra kuleta mzio. Piko nyeusi ti inayochorwa mikono ya mabibi harusi Lamu, Mombasa na Unguja ni kitu kingine: mara nyingi ni dawa ya kutia nywele weusi, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Kinachoamua madhara yake ni kiasi kinachokaa juu ya kila sehemu ya ngozi. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika dawa ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, na kwenye ngozi unaikataza kabisa. Piko zilizopimwa maabara zimewahi kukutwa na zaidi ya asilimia 15. Ndiyo maana ua moja dogo la piko kali laweza kuzidi kwa hatari dawa hafifu iliyoenea kichwa kizima.

Wapo wasemao wamejipaka tangu usichana na hawajadhurika. Tunawaamini, ila hilo halithibitishi usalama. Kinga ya mwili huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kuitambua kemikali kama adui, na yaweza kufika hapo baada ya kupaka mara nyingi. Ikishafika, kizingiti hushuka: kiasi kidogo ambacho zamani kilipita kimyakimya sasa huleta muwasho, uvimbe na malengelenge ndani ya siku 1 hadi 3. Wala si shida ya wenye ngozi nyepesi peke yao. PPD ikiwa kali na ikirudiwa, hata ngozi nzima isiyo na dosari hushindwa. Kujaribu tone nyuma ya sikio kwa saa 48 humgundua aliyekwisha kupata mzio, si atakayeupata kesho.

Kwa watoto tunasema wazi: wasipakwe piko hata siku ya Idi. Mzio huu kwa kawaida hudumu maisha yote, na baadaye waweza kuamshwa na dawa ya nywele, rangi za baadhi ya nguo, au dawa ya ganzi ya benzokaini. Muwasho ukianza, osha kwa maji na sabuni, usikune, nenda kituo cha afya ukataje piko kwa jina. Macho yakivimba au pumzi ikibana, kimbilia hospitali mara moja.