Bomba Lililo Nyuma ya Ukuta

Vyoo ni vya namna nyingi. Kiko choo cha shimo, kiko choo kilichosimama juu ya sakafu, na kiko kingine ambacho bakuli lake limetundikwa ukutani, lisiguse sakafu hata kidogo. Mtu akikiona mara ya kwanza huogopa kukikalia, asije akaanguka nacho. Lakini nyuma ya ukuta kimesimama kiunzi cha chuma, nacho ndicho kinachochukua uzito wote. Huko nyuma ndiko lilikofichwa tangi la maji, pamoja na bomba la maji machafu.

Fundi mmoja na mwanafunzi wake walikuwa wakitia choo cha namna hiyo katika nyumba mpya. Fundi alisimamisha kiunzi, akakipima kwa timazi na pimamaji, akakifunga sakafuni na ukutani kwa bolti. Kisha akamwachia kijana kazi ya kuunga bomba, mwenyewe akaenda kutazama kazi nyingine.

Kijana akaona ya kuwa bomba liendalo nje halikuelekeana sawasawa na mdomo ulio katika kiunzi. Tofauti ilikuwa upana wa vidole viwili tu. Basi akalisukuma kwa nguvu zake zote, hata likaingia. Akasema moyoni mwake, "Kesho ukuta utafunikwa. Nani atakayeona?"

Fundi aliporudi alitazama kile kiungo, asiseme neno. Akakizungushia karatasi kavu, akamimina ndoo tatu za maji. Baada ya kitambo kidogo karatasi ikalowa upande mmoja.

"Ni tone tu, Bwana Fundi," akasema kijana.

Fundi akajibu, "Mwanangu, ulitumia nguvu pale palipotaka kipimo. Ndani ya kiungo mna pete ya mpira. Bomba likiingia moja kwa moja, mpira hubanwa sawasawa pande zote. Likiingia kwa kupotoka, mpira hubanwa huku na kulegea huku, na maji hupita palipolegea. Nawe usilidharau tone lisiloonekana. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia katika mtaa wa Broad Street, mjini London, kikaua watu zaidi ya 500. Daktari John Snow alitambua ya kuwa wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja. Mwaka uliofuata watu walichimba karibu na kisima, wakakuta shimo la maji machafu la nyumba ya jirani. Matofali yake yalikuwa yamelegea, na uchafu ulikuwa ukipenya ardhini kuelekea kisimani. Hakuna aliyeuona, maana ulipita gizani."

Kijana akainamisha kichwa, akashika msumeno.

Wakafungua kiungo, wakakata bomba. Wakatia viwiko viwili vya digrii 45, bomba likahama upande polepole hata likaelekeana na mdomo pasipo kulazimishwa. Kila mahali walipokata walilainisha ukingo kwa tupa, ili usichane mpira, wakaupaka maji ya sabuni upate kuteleza.

Kisha fundi akamfundisha kupima mwinamo. Bomba likilala sawa kabisa, uchafu hutuama ndani yake. Likiinama kinyume, maji hurudi yalikotoka. Bomba lao lilitakiwa kushuka milimita 25 katika kila mita moja. Wakachukua pimamaji yenye urefu wa mita moja, wakaweka chini ya ncha yake, upande wa mteremko, kipande cha ubao chenye unene wa milimita 25. Povu likasimama katikati. Ndipo wakajua ya kuwa mwinamo ni sawa, wakalifunga bomba kwa vishikizo lisije likasogea.

Wakazungusha karatasi nyingine, wakamimina maji tena. Safari hii wakangoja kwa saa nzima. Karatasi ikatoka kavu kama ilivyoingia.

"Sasa ukuta na ufunikwe," akasema fundi. "Wahenga walinena: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi mafundi wa bomba, tusipoziba tone tutavunja ukuta kwanza, ndipo tuujenge. Tena mwenye nyumba hatakuja kuiona kazi uliyoifanya leo. Kwa hiyo ifanye vizuri zaidi, kwa kuwa ameiweka katika uaminifu wako."

Maswali

1. Ni kitu gani kinachochukua uzito wa choo kilichotundikwa ukutani?
2. Kwa nini kiungo cha kwanza kilivuja?
3. Bomba lenye urefu wa mita 3 lishuke milimita ngapi?
4. Taja kazi nyingine ambayo uzuri wake hauonekani kwa macho.