Dondoo muhimu: Kagua laptopu ya mtumba kabla hujalipa

Muuzaji akisema "mashine hii ni moto", iwashwe ujionee mwenyewe. Kwa laptopu ya Windows:

• Prosesa na RAM: Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika *msinfo32*, kisha Enter. Modeli, prosesa na RAM vyote vimo humo. Stika ya nje si ushahidi. Hubandikwa na kubanduliwa.

• Diski: Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Performance. Utaona kama ni SSD au HDD. Yenye HDD huchelewa kuwaka.

• Usishtuke: Diski ya GB 256 husomeka 238. Hakuna aliyeidokoa; kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

• Betri: Katika Command Prompt andika *powercfg /batteryreport*, ufungue ripoti. Linganisha uwezo wa kiwandani na wa sasa. Umebaki nusu? Omba upunguziwe bei.

• Windows 11: Inadai walau RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0 (moduli ya usalama). Hii ya mwisho ihakiki kwa *tpm.msc*.

Piga picha kila ukurasa uliofungua. Mali bila daftari huisha bila habari.